Nukta Isiyohama: Uhakiki wa Mbinu za Kijiodesia katika Kubaini Mgeuko Umbo wa Kuta za Mabwawa

Utangulizi

Hakuna ukuta wa bwawa ulio tuli. Maji yanapopanda, ukuta wa tao husukumwa kuelekea bonde la chini, yanaposhuka, hurejea. Zege likipata joto la kiangazi hutanuka, na tao likajongea upande wa ziwa. Likipoa wakati wa baridi hurudi lilikotoka. Kwa hiyo swali la mpima ardhi aliyekabidhiwa kazi ya kuuangalia ukuta huo si kama umehama au haujahama. Swali ni kama umehama kwa namna isiyotarajiwa, na kama umehama hivyo, amejuaje.

Maandishi ya fani ya upimaji wa mgeuko umbo yametumia nguvu nyingi katika kujibu sehemu ya mwisho ya swali hilo kwa lugha ya usahihi: sekunde za pembe, milimita, duaradufu za makosa, viwango vya uhakika vya asilimia 95. Uhakiki huu unahoji uzito huo. Hoja inayotetewa ni kwamba matukio makubwa yaliyoipa fani hii sababu ya kuwapo, yale ya maafa na yale ya kunusurika, hayakuamuliwa na milimita. Yaliamuliwa na mahali palipochaguliwa kuwa rejea, na muda uliopita kati ya kipimo na msomaji wake, na picha ya mwamba aliyokuwa nayo msomaji huyo kichwani kabla hajaziona namba. Matukio matatu ya Ulaya yanachunguzwa: Malpasset nchini Ufaransa, Vajont nchini Italia, na Zeuzier nchini Uswisi. La tatu limepewa nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ndilo linalosomwa kidogo kuliko yote, na ndilo lenye mafunzo mengi zaidi kwa mjiodesia.

Istilahi mbili zinahitaji kutenganishwa mapema, kwa sababu kuchanganywa kwake ni chanzo cha makosa mengi ya ufafanuzi. Uhamaji ni badiliko la mahali pa nukta likilinganishwa na nukta nyingine zinazodhaniwa kuwa tuli. Mgeuko umbo ni badiliko la umali na pembe baina ya nukta za kitu chenyewe. Uhamaji hubadilika kila rejea inapobadilishwa. Mgeuko umbo haubadiliki. Jiwe linaloteleza mlimani bila kupasuka limehama sana na halijageuka umbo hata kidogo, na tofauti hiyo, kama itakavyoonekana katika habari za Mlima Toc, inaweza kubeba maisha ya watu.

Rejea na wingi wa mashahidi

Mbinu ya jadi inafahamika. Nguzo za zege hujengwa kwenye miamba ya pande mbili za bonde, mbali kiasi na ukuta. Alama huwekwa kwenye uso wa ukuta. Pembe hupimwa kwa theodolaiti kutoka nguzoni, na miinuko hupimwa kwa pimamaji la usahihi wa juu. Waswisi waliitumia mapema miaka ya 1920 kwenye ukuta wa tao wa Montsalvens, na kutoka hapo ikaenea kwenye milima yote ya Alps. Kila awamu ya upimaji hukokotolewa kwa njia ya jumla ndogo kabisa ya miraba, kisha awamu mbili hulinganishwa.

Hesabu ndogo inaonyesha nguvu ya mbinu hii na mipaka yake. Kosa la sekunde moja ya pembe kwa umbali wa mita 500 ni sawa na milimita 2.4 hivi. Kosa la nyuzijoto moja ya Selsiasi katika kukadiria halijoto ya hewa hupotosha umbali uliopimwa kwa mawimbi ya mwanga kwa takriban milimita moja katika kila kilomita. Ikiwa nukta imepatikana kwa mkengeuko wa kawaida wa milimita 1.5 katika kila awamu, tofauti ya awamu mbili ina mkengeuko wa milimita 2.1, na uhamaji wowote ulio chini ya milimita 4 hivi hauwezi kutangazwa kwa uhakika wa asilimia 95. Tasnifu za fani hii kwa kawaida husimama hapa na kuanza kutafuta namna ya kuishusha namba hiyo.

Lakini hesabu yote imejengwa juu ya dhana moja, kwamba nguzo za rejea hazikuhama. Wanajiodesia hawakulifumbia macho jambo hilo. Mwaka 1968 Baarda, kutoka Delft, alitoa utaratibu wa kupima dhana katika mitandao ya kijiodesia. Mwaka 1971 Pelzer wa Ujerumani akaweka msingi wa jaribio la upatanifu, ambalo huuliza kama umbo la kundi la nguzo za rejea limebaki lile lile kati ya awamu mbili, na kama halikubaki, nguzo ipi iondolewe. Mwaka 1978 Shirikisho la Kimataifa la Wapima Ardhi liliunda kamati iliyokutanisha mikabala ya Delft, Fredericton, Hannover, Karlsruhe na Munich. Kazi ya kamati hiyo ingali na thamani, hasa kwa sababu iliyaweka wazi mambo ambayo vitabu vya mwongozo huyafunika: vituo vyenye sifa, vikitazama matatizo yale yale, vinaweza kutofautiana kuhusu nukta zipi zimehama.

Kilichojificha ndani ya mikabala hiyo ni kanuni ya wingi. Nguzo ikitofautiana na wenzake, ndiyo inayoshukiwa. Kundi kubwa linaloafikiana ndilo linaloaminiwa. Kanuni hii ni ya busara pale ambapo nguzo moja imechimbwa vibaya au imegongwa na mashine ya ujenzi. Haina busara yoyote pale ambapo bonde zima linakwenda pamoja. Mashahidi kumi waliopanda jahazi moja wataapa kwamba hakuna aliyesogea, nao hawatakuwa wanasema uongo.

Jambo la kijiometri linaongeza uzito. Mtandao uliopimwa kwa pembe peke yake hauwezi kuhisi kusinyaa kulikolingana pande zote, kwa kuwa pembetatu ndogo na pembetatu kubwa zinazofanana zina pembe zile zile. Na mtandao wa miinuko ulioanzia na kuishia ndani ya bonde hauwezi kuhisi kudidimia kwa bonde hilo. Hakuna jaribio la takwimu, hata liwe kali kiasi gani, linaloweza kuona kitu ambacho kipimo chenyewe hakikukigusa.

Malpasset: kipimo kilichotangulia na kilichokosekana

Ukuta wa Malpasset, juu ya mto Reyran karibu na mji wa Fréjus, ulikuwa tao jembamba la urefu wa mita 66 hivi kwenda juu, lililosanifiwa na André Coyne, mmoja wa wahandisi mashuhuri wa mabwawa wa zama zake. Maji yalianza kuzuiwa mwaka 1954, lakini ziwa lilijaa polepole mno kiasi kwamba kina cha mwisho kilikaribiwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba 1959, baada ya mvua kubwa. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 ukuta ulivunjika. Watu 423 walifariki.

Ukuta huo haukuachwa bila kuangaliwa. Alama zilikuwapo usoni mwake, na wapimaji walizipima kwa awamu, ya mwisho ikiwa ya Julai 1959. Awamu hiyo ilionyesha uhamaji wa sehemu za chini ya ukuta uliopita ule wa awamu zilizotangulia. Kwa macho ya leo, sehemu ya chini ya tao kusogea ni habari nzito kuliko kilele kusogea, kwa kuwa kilele hupaswa kuyumba na kitako hakipaswi. Hata hivyo namba hizo zilikuwa za kiwango cha milimita, na hazikuzaa hatua yoyote.

Uhakiki wa kawaida wa tukio hili hulaumu kutosomwa kwa awamu ya Julai. Lawama hiyo ina haki, lakini haitoshi, na kwa kiasi fulani inapotosha. Kilichouangusha ukuta, kwa mujibu wa uchambuzi uliokubalika baadaye, ni shinikizo la maji ndani ya mwamba wa ukingo wa kushoto, mahali ambapo tabaka za gneisi na ufa uliokuwa upande wa chini vilikutana na kufanya kabari. Shinikizo hilo lilikua pamoja na kina cha maji. Kati ya Julai na Desemba ziwa lilipanda hadi juu kabisa, na katika miezi hiyo yote hakuna awamu nyingine iliyopimwa. Kwa maneno mengine, usahihi wa theodolaiti ulitosha. Kilichopungua ni kalenda. Ratiba ya upimaji ilifuata tarehe, si kina cha maji, ilhali ukuta haujui tarehe.

Na hata kama awamu ingepimwa Novemba, alama za usoni zingeeleza athari, zisingeeleza chanzo. Visima vya kupimia shinikizo la maji ndani ya mwamba ndivyo vingeeleza chanzo. Mjiodesia anayeandika kana kwamba mbinu yake ingeliokoa bonde la Reyran peke yake anadai zaidi ya anachoweza kulipa.

Mlima Toc: namba sahihi, picha isiyo sahihi

Ikiwa Malpasset ni habari ya kipimo kilichokosekana, Vajont ni kinyume chake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mlima haukupimwa.

Ukuta wa Vajont, wenye mita 262 hivi, ulikuwa miongoni mwa mirefu kabisa duniani, na ungali umesimama. Kilichoanguka ni mteremko wa Mlima Toc, kwenye ukingo wa kushoto wa ziwa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 zaidi ya mita za ujazo milioni 250 za mwamba ziliteleza kwa mkupuo mmoja hadi ziwani. Wimbi likaruka juu ya ukuta na kuufuta mji wa Longarone. Karibu watu 2,000 walikufa.

Alama za upimaji ziliwekwa juu ya mteremko tangu mwaka 1960. Katika vuli ya mwaka huo ufa wa urefu wa takriban kilomita 2 ulijitokeza juu ya mlima, na mwendo wa alama ukafikia sentimita 3 na zaidi kwa siku. Tarehe 4 Novemba 1960 kipande cha mita za ujazo 700,000 kiliporomoka. Maji yaliposhushwa, mwendo ulikaribia kukoma. Mwaka 1962 yalipopandishwa tena, mwendo ulirudi lakini kwa kasi ndogo kuliko ile ya awali katika kina kile kile. Yaliposhushwa, ukakoma tena.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wahandisi walijenga juu ya namba hizo nadharia kwamba mwamba husogea unapolowa kwa mara ya kwanza, na kwamba sehemu iliyokwisha kulowa hutulia. Kutokana na nadharia hiyo uliibuka mkakati wa kupandisha na kushusha maji kwa zamu ili mteremko ushuke taratibu chini ya usimamizi, kama mtu anayemtelemsha ng'ombe kwa kamba. Namba za kijiodesia hazikupinga nadharia. Ziliiunga mkono, mzunguko baada ya mzunguko. Septemba 1963 ziwa lilipofika karibu na mita 710 juu ya usawa wa bahari, yaani juu ya kina kilichokwisha kujaribiwa, kasi iliongezeka. Maji yakaanza kushushwa, na safari hii kasi haikutii. Siku ya mwisho ilikuwa kiasi cha sentimita 20.

Je, data zile zile zingeweza kusomwa vingine? Tofauti kati ya uhamaji na mgeuko umbo inatoa jibu. Alama zilizotawanyika juu ya mteremko zilikwenda kwa mwendo unaokaribiana, bila umbali baina yake kubadilika sana. Kitu kinachohama bila kugeuka umbo ni kitu kimoja, na kitu kimoja chenye upana wa kilomita 2 hakina sababu ya kuanguka vipande vipande. Mwanajiolojia Edoardo Semenza, pamoja na Franco Giudici, walikwisha kueleza kwamba mteremko huo ulikuwa poromoko la kale lenye kina kirefu. Ushahidi wa kijiolojia na ushahidi wa kijiodesia ulielekea upande mmoja, lakini ulihifadhiwa katika majalada mawili.

Tahadhari inahitajika pia kwa upande mwingine. Tangu Fukuzono aeleze, mwaka 1985, kwamba kinyume cha kasi kikichorwa dhidi ya wakati hushuka kuelekea sifuri kabla ya poromoko, Vajont imekuwa mfano pendwa wa mbinu hiyo. Mchoro wa siku za mwisho unavutia sana: mstari unashuka na kukata mhimili karibu na usiku wenyewe wa maafa. Kinachosahaulika ni kwamba kasi iliongezeka mwaka 1960 na tena mwaka 1962, na mara zote mbili ikatulia. Msomaji aliyekuwa na mchoro wa Fukuzono mkononi angepiga yowe mara mbili bila kitu kutokea, na mara ya tatu huenda asingesikilizwa. Utabiri unaofanywa baada ya tukio huchagua mwenyewe mahali pa kuanzia mstari wake. Mtafiti anayewasilisha mchoro wa Vajont bila kuonyesha miaka iliyotangulia amewasilisha nusu ya data.

Zeuzier: ukuta ulioinamia upande usio wake

Ukuta wa Zeuzier, katika jimbo la Valais, ni tao la mita 156 lililokamilika mwaka 1957. Kwa miaka 21 tabia yake ilikuwa ya kawaida kiasi cha kuchosha: ziwa likijaa uliinama mbele, likipungua ulirejea, na timazi zilizoning'inizwa ndani yake ziliandika mwendo huo mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa 1978 timazi zilianza kuandika kitu kingine. Ukuta ulikuwa ukienda upande wa ziwa, yaani kinyume cha shinikizo la maji, na haukurudi.

Mtazamaji wa kwanza ana haki ya kushuku chombo. Timazi hupima tofauti kati ya kilele na kitako, na waya wake unaweza kukwama. Lakini hata timazi nzima ina kasoro ya asili: haijui kama kitako chenyewe kimesogea. Ndani ya ukuta hapakuwa na jibu. Ilibidi wapimaji watoke nje, kwenye nguzo za bonde, na kisha watoke nje ya bonde.

Upimaji wa miinuko, ulipofungwa kwenye alama za mbali na kulinganishwa na vimo vya zamani, ulionyesha kwamba bonde zima pamoja na ukuta wake lilikuwa limedidimia kwa zaidi ya sentimita 10. Vipimo vya mlalo vilionyesha kwamba kingo mbili za bonde zilikuwa zimekaribiana kwa sentimita kadhaa. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja, mwendo wa ajabu wa ukuta ukaeleweka mara moja. Tao ni upinde. Ncha zake zikibanwa, tumbo lake hutoka nje, na kwa ukuta wa tao nje ni upande wa maji. Ukuta haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unaminywa.

Kilichouminya kilikuwa umbali wa kilomita 1.5 hivi, na mita 400 chini zaidi: njia ya uchunguzi iliyokuwa ikichimbwa kwa ajili ya handaki la barabara kuu la Rawil. Uchimbaji ulikuwa umefungua maji yaliyohifadhiwa katika nyufa za mwamba. Maji yalipotoka, shinikizo lililokuwa likizibeba nyufa hizo liliondoka, na mlima ukakaa chini kama mkate uliotolewa jikoni kabla ya wakati. Wengi walisadiki awali kwamba mwamba mgumu hauwezi kudidimia namna hiyo kwa kupoteza maji. Zeuzier iliwalazimisha kubadili kauli. Ziwa lilishushwa, nyufa na viungo vilivyofunguka ukutani vikajazwa kwa kudungwa, na katika miaka ya 1980 maji yakarejeshwa hatua kwa hatua. Hakuna aliyekufa. Handaki la Rawil halikujengwa kamwe.

Kwa upande wa mbinu, Zeuzier inavunja mambo mawili yanayorudiwa bila kuhojiwa. La kwanza ni kanuni ya wingi iliyoelezwa hapo juu. Nguzo za karibu zote zilikuwa ndani ya eneo lililokuwa likishuka, na kudidimia kwao kwa pamoja kusingeonekana katika jaribio lolote la upatanifu lililofanyika baina yao. La pili ni desturi ya kuchora mpaka wa mtandao wa upimaji kwa kufuata ukubwa wa jengo. Mpaka unapaswa kufuata ukubwa wa chanzo kinachoweza kuliathiri jengo, na chanzo kinaweza kuwa mradi wa taasisi nyingine, wenye ramani nyingine na bajeti nyingine. Kwa hiyo uchaguzi wa nguzo za rejea ni swali la kijiolojia na la kiutawala kabla halijawa la kijiodesia. Jambo hili halina nafasi katika mlinganyo, na huenda ndiyo sababu halina nafasi katika sura nyingi za mbinu.

Uswisi yenyewe ilijifunza. Katika miaka ya 1990 upimaji wa taifa wa miinuko uligundua kwamba barabara ya Gotthard, juu ya handaki la magari lililofunguliwa mwaka 1980, ilikuwa imedidimia kwa sentimita 12 hivi. Upimaji huo haukuwa na lengo la kulichunguza handaki. Ulikuwa marudio ya kawaida ya mtandao wa nchi. Matokeo yake ni kwamba kabla ya handaki refu la reli la Gotthard, la kilomita 57, kupita chini ya eneo la mabwawa ya Nalps, Curnera na Santa Maria, mabonde yote matatu yaliwekewa mitambo ya kupima inayojiendesha. Inafaa kutambua nani aliyetoa onyo: wapimaji wa vimo wa serikali, watu ambao katika nchi nyingi bajeti yao ndiyo hukatwa kwanza kwa hoja kwamba setilaiti zimewapokonya kazi.

Vyombo vipya na madai yao

Totali stesheni zinazojiendesha hupima mchana na usiku. Vipokezi vya GPS hutoa nukta bila kuhitaji kuonana. Rada za setilaiti hufunika wilaya nzima kwa picha moja. Pengo la kalenda lililoiua Malpasset limezibwa kwa kiasi kikubwa, na hilo si jambo dogo.

Madai mengine yanahitaji kupunguzwa. Rada ya setilaiti hupima umbali kwenye mstari wa kutazama tu, na kwa kuwa setilaiti hizo huruka karibu na kaskazini na kusini na hutazama pembeni, uhamaji wa kuelekea kaskazini au kusini huonekana kwa shida. Mteremko wa Mlima Toc uliteleza kuelekea kaskazini. Setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, hupita mahali pale pale kila siku 12, au 6 ikiwa mbili ziko angani, kwa wimbi la sentimita 5.6, nukta iliyohama zaidi ya robo ya wimbi hilo kulinganisha na jirani yake kati ya picha mbili huanza kuleta utata wa kusoma. Kwa sentimita 20 kwa siku picha ingekuwa imepotea kabisa. Rada hiyo ingefaa sana mwaka 1961, mlima ulipokuwa ukitambaa. Isingefaa wiki ya mwisho.

Brumadinho, nchini Brazili, inatoa mpaka mwingine. Tarehe 25 Januari 2019 ukuta wa mabaki ya mgodi uliporomoka na kuua watu 270. Jopo la wataalamu lililochunguza lilieleza kwamba vipimo vya uso wa ukuta, pamoja na rada, havikuonyesha dalili ya wazi ya kukaribia kuanguka. Nyenzo za ndani zilikuwa za aina inayopoteza nguvu ghafla baada ya mgeuko mdogo sana. Watafiti wengine, wakirudia picha za setilaiti baadaye, walidai kuona mwongezeko wa kasi. Mjadala huo unafanana na ule wa mchoro wa Fukuzono, na unapaswa kuhukumiwa kwa kigezo kile kile: je, mbinu iliyoona dalili baada ya tukio ilijaribiwa pia kwenye kuta nyingine zilizoonyesha dalili kama hizo na hazikuanguka? Pasipo jaribio hilo, kiwango cha ving'ora vya uongo hakijulikani, na mbinu isiyojulikana ving'ora vyake haiwezi kukabidhiwa amri ya kuhamisha kijiji.

Kuhusu programu za kuchambua, neno moja linatosha. Modeli inayotenganisha athari ya kina cha maji, majira na wakati, iliyokuzwa na wahandisi wa umeme wa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1967, ingali msingi wa uchambuzi wa kuta za zege. Mifumo mipya ya kujifunza kwa mashine mara nyingi huishinda kwa kutabiri wastani, lakini hufunzwa kwa data za miaka ya afya. Zeuzier ilikuwa na miaka 21 ya afya.

Awamu ya sifuri

Afrika Mashariki sasa ina ukuta wa daraja la kwanza: Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ukuta wa uzito wenye mita 131. Ukuta wa uzito haubanwi kama tao, na hauwezi kusomwa kwa kunakili Zeuzier. Lakini ziwa kubwa lina uzito wake, na ardhi huusikia. Kuzunguka Ziwa Mead, nyuma ya ukuta wa Hoover nchini Marekani, upimaji wa miinuko uliorudiwa baada ya ziwa kujazwa kuanzia 1935 ulionyesha kudidimia kwa zaidi ya sentimita 10. Kariba, kwenye mto Zambezi, ilifuatwa na mitetemeko baada ya kujazwa, mkubwa ukitokea Septemba 1963. Nguzo zilizojengwa kilomita moja au mbili kutoka ukutani katika mazingira kama hayo ziko ndani ya shimo lile lile linalochimbwa na uzito wa maji.

Mtafiti anayetaka kuandika juu ya kuta za namna hii hana budi kutafuta kwanza vimo vilivyopimwa kabla ya maji kuingia, na kujua vilifungwa kwenye alama zipi, umbali gani kutoka ziwani, na ni nani anayezitunza alama hizo leo. Mkengeuko wa kawaida wa totali stesheni aliyoiazima chuoni ni swali la baadaye. Awamu nyingine zote zinaweza kurudiwa zikikosewa. Awamu ya sifuri hupimwa wakati bonde likiwa kavu.